Tumeachana na nimenunua nyumba ingine, riba ya mkopo nadai ya ipi?

Swali: Habari mhasibu. Mimi na mke wangu tuliachana Agosti 2023 lakini kortini hatujaenda. Nyumba ya Syokimau tuliichukulia mkopo wa benki kwa majina yetu wawili, yeye na watoto bado wanakaa huko na mkopo nalipa mimi peke yangu. Nilikuwa nimepanga nyumba ya kukodi, alafu Machi 2025 nikanunua flati Ruaka kwa mkopo mwingine wa benki na nikahamia mwezi huo huo. Mshahara ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Naweza dai riba ya mikopo yote miwili? HR bado wananipunguzia kodi na ile ya Syokimau.

Jibu: Pole kwanza kwa hayo ya nyumbani. Huwezi kudai zote mbili, ni moja tu, na hio moja ni Ruaka.

Watu wengi wakija ofisini wanaanza kunieleza mambo ya talaka, nani alimwacha nani, na mimi nawaambia KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hapa haiulizi kama mmeachana, inataka kujua wewe unaishi wapi. Sheria ya kodi ya mapato inaruhusu utoe kwenye mapato yako riba uliyolipa wewe, kwa pesa ulizokopa wewe, za kununua au kukarabati nyumba unayoishi wewe, na ni nyumba moja kwa kila mtu. Syokimau umekopa kweli na unalipa kweli, lakini huishi huko toka 2023, basi imekwisha hapo, hata kama watoto wako ndio wanaolala ndani.

Ukiwa umeishi sehemu tu ya mwaka punguzo nalo linahesabiwa kwa miezi uliyoishi tu. Zamani kiwango cha juu kilikuwa 25,000 kwa mwezi, mwisho wa Desemba 2024 kikapanda mpaka 30,000. Kwa hivyo mwaka 2025 una miezi kumi ya Ruaka, Machi hadi Desemba, yaani 300,000 kama riba yenyewe inafika hapo. Na usichanganye, hio si pesa unarudishiwa, ni mapato yasiyotozwa kodi, kwa mshahara wako uko kwenye asilimia 30 so unaokoa 9,000 kwa mwezi. Januari na Februari ulikuwa mpangaji, huna kitu.

Sasa kinachonipa wasiwasi ni hio ya HR. Fungua P9 ya 2023 na 2024, ile fomu ya mwaka ya mshahara na kodi unayopewa na mwajiri, uangalie ile kolamu ya riba ya nyumba, kama kuna 25,000 kila mwezi baada ya kuhama basi umekuwa ukilipa kodi pungufu, kama 7,500 kwa mwezi, toka Septemba 2023 hadi Desemba 2024 ni kama 120,000 hivi. Ingia iTax, mtandao wa KRA, urekebishe ritani (taarifa za kodi) za miaka hio miwili mwenyewe, mapema, kwa sababu kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi na hio inaendelea kuhesabu ukiwa umekaa hapo.

Kama mama watoto ana kazi, fikirieni kubadilishana: yeye alipe mkopo wa Syokimau kutoka akaunti yake, wewe ubebe fees na chakula cha watoto. Yeye anaishi hapo na jina lake liko kwa mkopo, kwa hivyo riba atakayolipa anaweza kuidai. Saa hii hilo punguzo hakuna anayelipata.

Alafu andikeni mkataba wa kutengana kwa wakili, msiache mambo kwa WhatsApp. Ukimwachia sehemu yako ya Syokimau chini ya mkataba wa kweli, hakuna kodi ya faida ya mtaji, ile ya faida unayopata ukiuza au kuhamisha mali. Lakini mkiuzia mtu wa nje, msamaha wa nyumba ya kuishi unataka mwenyewe awe ameishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza, mke wako anao kama ametimiza miaka hio, wewe uliupoteza ulipobeba mabegi, so sehemu yako ya faida itatozwa asilimia 15.

Wiki hii andikia HR barua waondoe Syokimau, ambatanisha ofa ya mkopo wa Ruaka, na uombe benki cheti cha riba ya 2025, maana ritani itakuuliza PIN ya benki, namba ya akaunti ya mkopo na salio, na tarehe 30 Juni foleni ya hivyo vyeti huwa si mchezo.