Pasipoti ya Kenya na kibali cha usalama Marekani

Mkenya mwenzangu akipata kazi inayodai kibali cha usalama cha serikali ya Marekani (ruhusa ya kushika siri za serikali), huniuliza kwanza: "Nirudishe pasipoti ya Kenya?" Tulia, ndugu, usirudishe chochote. Tangu Juni 2017 mwongozo uitwao SEAD 4 unasema wazi kwamba uraia wa nchi mbili, peke yake, hauzuii kibali. Zamani watu walitakiwa kusalimisha au kuharibu pasipoti ya kigeni, na habari za enzi hizo bado zinazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Muhimu uwe raia wa Marekani, uitaje hiyo pasipoti nyingine, na uingie na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani. (Watanzania hawana sana shida hii, sheria yao hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia mara mbili.)

Nilipoomba kibali changu, mpelelezi aliyenihoji aligusia pasipoti akapita. Muda wote uliobaki tulizungumza familia.

Fomu ya SF-86, ile ya kuombea kibali, inataka wazazi, watoto, ndugu, ndugu wa kambo, hata wakwe. Marehemu nao wamo. Mjomba, shangazi na binamu hawatajwi hapo, na ndipo wengi huwaacha. Lakini kama mjomba ndiye aliyekulipia karo na mpaka leo mnapigiana simu, anaingia sehemu inayofuata, ile ya raia wa kigeni ulio na ukaribu nao ndani ya miaka 7 iliyopita. Mwandike.

Halafu pesa. Unaulizwa kama umewahi kumsaidia raia wa kigeni kifedha. Nilicheka. Nani kati yetu hajatuma ya hospitali, karo au mchango wa mazishi? Nilipitia rekodi za kutuma pesa, nikakadiria kila mtu kapata kiasi gani na kwa nini. Ploti ya nyumbani inaandikwa pia, na kura ukiwa umewahi kuipiga huko.

Wanachopima ni kama kuna mtu anayeweza kutumiwa kukubana. Utaulizwa zaidi kuhusu kaka aliye polisi au wizarani kuliko dada mkulima, kwa hiyo eleza kazi ya kaka bila kuzungukazunguka. Kisha onyesha ulivyojikita Marekani: nyumba, watoto shuleni, akiba ya uzeeni. Mimi niliyaeleza haya mwenyewe, sikungoja kuulizwa, maana mzigo wa kuwaridhisha ni wako na shaka ikibaki usalama wa taifa ndio unaopewa kipaumbele.

Kuficha ndiko kubaya kupita yote. Uongo wa makusudi kwenye fomu hiyo ni jinai, kifungo hadi miaka 5, na hata bila mahakama unatosha kukunyima kibali ambacho yule kaka polisi, angeandikwa, huenda asingekizuia.

Kwa waajiriwa wa kampuni zenye kandarasi za ulinzi, ikija barua ya kueleza sababu za shaka, una siku 20 za kujibu kwa maandishi na unaweza kuomba kusikilizwa na jaji. Jibu kila hoja, weka vielelezo.

Na ukishapata kibali, safari ya Krismasi nyumbani iripoti kwa afisa usalama wa kazini kabla ya kuondoka. Uchumba na raia wa kigeni vilevile, hata kama wazazi bado hawajaambiwa.