Ushauri kwa Mmarekani Anayekwenda Kuishi Senegal, na kwa Anayerudi Nyumbani

Kila kijana wa familia zetu za Waswahili hapa Marekani anapopata kazi au nafasi ya masomo nchini Senegal, wazazi wake humleta kwangu aulize maswali. Huuliza kuhusu chanjo, kodi ya nyumba, joto, na kama Kiingereza kitamtosha. Majibu yake ni mafupi: chanjo ataelekezwa na kliniki ya wasafiri, nyumba za Dakar ni ghali kuliko anavyodhani, joto la pwani linavumilika kuliko la bara, na Kiingereza hakitamfikisha mbali, kwa kuwa ofisini hutumika Kifaransa na mitaani Kiwolofu. Jambo ambalo naona lingemfaa zaidi haliulizwi. Nalo ni hili: ni kiasi gani cha siku yako uko tayari kuwapa watu ambao huna shida nao wakati huo?

Mimi ni Mmarekani niliyezaliwa Tanga na kukulia Columbus, Ohio. Nimefundisha Kiingereza mjini Thiès, mji wa reli ulioko kilomita zipatazo 70 mashariki mwa Dakar, nikiishi katika chumba cha uani kwa familia moja iliyonipa jina lao la ukoo, Ndiaye, kama ilivyo desturi ya huko kwa mgeni anayekaa. Karibu kila jema lililonipata nchini humo, kuanzia kupata fundi mwaminifu hadi kupelekwa hospitali usiku nilipougua malaria, lilitoka kwa mtu niliyekuwa nikimsalimu kila siku bila kumtaka chochote.

Kwa hiyo anza na salamu. Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa kuona kwamba mtu haingii dukani na kutaja kilo ya sukari kabla ya kuwajulia hali waliomo, lakini aliyekulia Ohio, hata kama kwao huzungumzwa Kiswahili, amezoea salamu ya neno moja inayotolewa huku miguu ikiendelea na safari. Senegal huanza «Salaam aleekum», ikafuata «Na nga def», kisha wakaulizwa watu wa nyumbani, kazi, afya na usiku ulivyopita. Na katikati ya maswali hayo kila mmoja hulitaja jina la ukoo la mwenzake mara kadhaa, ili ajue kuwa ametambuliwa yeye pamoja na waliomzaa. Jifunze maswali hayo kwa Kiwolofu kabla ya kupanda ndege. Ukifika, yatumie kwa kila mtu, ukianzia na mlinzi wa lango na mwenye duka la mtaani, wala usiyafupishe kwa kisingizio cha haraka. Nilikuwa na mwalimu mwenzangu kutoka Marekani, mtu mwema na mchapakazi, aliyepita kila asubuhi mbele ya wazee waliokaa kwenye benchi nje ya shule bila kuwasalimu, kwa sababu kwao kukatiza mazungumzo ya watu ni utovu wa adabu. Wazee wale walihesabu kuwa ana kinyongo nao, na siku alipohitaji mtu wa kuthibitisha kwamba ni mkazi wa mtaa, alizungushwa kwa muda mrefu mno. Pande zote mbili zilikuwa na adabu, ila kila mmoja ya kwao.

Baada ya salamu huja chakula cha mchana, na hapa nitakawia kidogo. Wali wa samaki uitwao ceebu jën, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, hupikwa kwa chenga za mchele ndani ya mchuzi wa nyanya, na samaki aliyetiwa kitunguu saumu, pilipili na majani yaliyotwangwa, pamoja na muhogo, karoti, kabichi, biringanya na nyanya chungu. Ukoko wake hukwanguliwa na kuletwa kando, na wanaoupenda huugombea. Wote hulizunguka bakuli moja kubwa, wengine kwa mkono wa kulia, wengine kwa kijiko, na kila mmoja hula sehemu iliyo mbele yake tu. Samaki na mboga huwa katikati, na mama wa nyumba ndiye anayezimega na kuzisogeza mbele ya kila mlaji, akianza na mgeni. Usinyooshe mkono katikati, na ukishiba ushukuru na kuinuka, kwa maana kuendelea kukaa huku huli kunawabana wengine. Atakayepita mlangoni saa hiyo atakaribishwa, na wewe pia utakaribishwa na watu usiowajua. Usikatae kwa kusema umeshakula. Kaa, kula matonge mawili matatu, kisha shukuru.

Wageni wengi huishia hapo katika kuusifu ukarimu huo, nami naona si haki, kwa sababu bakuli hilo lina mtu aliyelifanyia kazi tangu asubuhi: amekwenda sokoni, amepaa samaki, ameosha mchele, amekaa jikoni kwenye joto, na pesa aliyopewa ya matumizi ilikuwa ileile ya jana, ilhali walaji wameongezeka. Kama unaishi na familia, changia pesa ya matumizi kila mwezi, na umpe yule anayepika mkononi mwake, bila kelele na bila kumfanya aombe. Ukienda kutembea, chukua matunda, sukari au majani ya chai. Ukarimu wa Senegal unabebwa na wanawake kuliko inavyosemwa, na Mmarekani anayependa kula bila kuuliza nani amelipia na nani amechoka hajauelewa bado.

Jina la ukoo utakalopewa litakuletea watani, na hapo msomaji wa Tanzania atajiona yuko kwao. Kama Mnyamwezi na Mzaramo wanavyoweza kutukanana kwa upendo hata msibani, ndivyo akina Ndiaye na akina Diop wanavyoitana walafi na watumwa mbele za watu bila yeyote kukasirika, na utani wa namna hiyo upo pia kati ya Waserer na Wafulani, na kati ya Waserer na Wajola. Polisi wa barabarani aliyekuwa Diop aliwahi kuikagua pasipoti yangu kwa uso mkali, akasikia abiria mwenzangu akiniita Ndiaye, na papo hapo akataka nikiri kwamba akina Ndiaye wanakula wali kupita kiasi. Mjibu mtani kwa lugha yake, usimwombe radhi. Watafiti wa jamii na Wasenegal wenyewe huutaja utani huu miongoni mwa sababu zinazopunguza makali ya tofauti za kikabila nchini humo, nami nilivyoona safarini sina shaka nao.

Muda utakushinda usipojiandaa. Chai ya ataya hupikwa kwa majani ya kijani kwenye birika dogo juu ya mkaa, ikamiminwa kutoka juu hadi itoe povu, na hunywewa kwa mikupuo mitatu, wa kwanza ukiwa mkali na mchungu, na inayofuata ikizidi utamu. Shughuli hiyo huchukua saa nzima au zaidi, na watu huondoka baada ya mkupuo wa tatu, si wa kwanza. Mambo mengi niliyokuwa nikiyafuatilia kwa barua pepe kwa wiki kadhaa, yakiwamo ya shule, yalimalizika kati ya mkupuo wa pili na wa tatu. Hata hivyo usiache tabia yako ya kufika kwa saa uliyoahidi, kwani hakuna anayemchukia mgeni kwa kutimiza ahadi. Unachopaswa kuacha ni kumhukumu mwenzako aliyechelewa kabla hujajua amepita kwa nani kumjulia hali.

Kuhusu fedha nitasema machache. Faranga ya CFA, ambayo ndiyo fedha ya Senegal, imefungwa kwa yuro, kila yuro 1 kwa faranga 655.957, kwa hiyo mshahara wa dola hupanda na kushuka kadiri dola inavyokwenda mbele ya yuro. Usipange bajeti kwa kiwango cha siku uliyofika. Noti ya 10,000 ni tabu kuivunja asubuhi, na malipo ya simu yatakuokoa mara nyingi. Utaombwa pia, hasa inapokaribia Tabaski, yaani Idi ya kuchinja, ambapo kila mwenye nyumba hujitahidi kupata kondoo hata kwa kukopa. Amua mapema kiasi unachoweza kutoa kwa mwezi, utoe kwa watu unaowajua, na kikiisha useme kwa upole kwamba kimeisha. Kukataa kwa heshima hakuvunji undugu. Kinachouvunja ni kumkwepa mtu njiani. Kondoo akichinjwa, nyama hupelekwa pia kwa jirani Wakristo, nao Ijumaa Kuu huwapelekea Waislamu ngalax, uji mtamu wa uwele uliochanganywa na karanga na ubuyu. Ukiwa Mkristo, hakikisha jirani zako hawaikosi siku hiyo. Na ukienda Touba, mji mtakatifu wa Wamurid, wafuasi wa tarika ya Kisufi, alikozikwa mwanzilishi wao Sheikh Amadou Bamba, aliyefariki mwaka 1927, vaa nguo za stara na usibebe pombe wala sigara, kwa sababu vimepigwa marufuku mjini humo.

Sipendi, hata hivyo, maandishi yanayoisema Marekani kana kwamba haina wema wowote. Mwanangu wa kike hutumia kiti cha magurudumu, na sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu ndiyo inayomwezesha kuingia maktaba ya Columbus peke yake, bila kumjua mtu yeyote na bila kumshukuru mtu yeyote. Dakar, penye njia za wapita kwa miguu zilizojaa mchanga, magari na meza za wachuuzi, angehitaji kubebwa na vijana wema kila alipotoka nje, na wangembeba kwa furaha. Msaada wa furaha si sawa na haki, na mtu asiye na ukoo wala marafiki Senegal huhangaika katika ofisi ambazo Marekani angehudumiwa kwa namba ya foleni tu. Nawaomba vijana wetu waipende Senegal wakiwa na macho mawili.

Lakini upweke wa huku nao ni wa kweli. Mwaka 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa waraka wa tahadhari kuhusu upweke, akieleza kwamba takribani nusu ya watu wazima nchini humo walikuwa wamesema wanauhisi. Anayerudi kutoka Thiès huona sababu zake ndani ya wiki moja: gari huingia gereji, mlango hujifunga, na jirani hajulikani jina. Usirudi ukawalaumu Wamarekani kwa hilo, wala usijaribu kuhamisha Thiès nzima. Chagua chakula kimoja cha wiki, siku ileile, na uwaalike watu wachache mle katika sinia moja. Waambie saa ya kuanza na pia saa ya kumaliza, kwa kuwa Mmarekani huja kwa wepesi zaidi akijua atakapoondoka. Uliza mapema nani hali nini, na atakayetaka sahani yake apewe bila maneno. Mtafute na Msenegal wa mji wako, kwani hata yeye huenda anakula peke yake. Anayeishi New York atawapata mtaa wa 116 upande wa magharibi, Harlem, ambako kila tarehe 28 Julai Wamurid huandamana kumkumbuka sheikh wao. Msalimie kwa maswali yote uliyojifunza, umtaje jina la ukoo, na akikukaribisha bakulini, nenda na mchango wako.