Mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) anayeuma wenzake

Dadangu wa Kisauni, umeuliza ufanyeje na mwanao wa miaka 4 anayeuma wenzake chekechea wakimnyang'anya vitu. Kwanza, usimuume "aonje uchungu". Atajifunza tu kwamba mkubwa ana ruhusa ya kuuma.

Mwombe mwalimu aandike kwa wiki moja: saa ngapi, wapi, na nini kilitangulia. Mara nyingi huwa ni kabla ya uji, njaa ikiwa imeshamkolea, au pale watoto sita wanapogombea ndoo moja ya mchanga. Hapo dawa ni ndoo ya pili na uji wa mapema, si fimbo (ambayo shuleni sheria ya Kenya imeshaikataza).

Akiuma, mwalimu amhudumie kwanza aliyeumwa, kisha achutame usawa wa macho ya mwanao: "Umekasirika. Kuuma kunaumiza. Sema: bado natumia." Basi. Aliyepandwa na hasira hasikii hotuba. "Sema pole" ya kulazimishwa nayo ni kasuku tu. Afadhali ampelekee mwenzake kitambaa chenye maji baridi.

Maneno yale myarudie nyumbani akiwa ametulia, mkipokezana mwiko jikoni: "Bado natumia. Zamu yangu, zamu yako." Na kama maneno yake ni machache kuliko ya rika lake, mpeleke akapimwe masikio.