Kwa unayeanza kuchambua jeni za uvimbe: anza na damu, kisha hesabu nakala

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii hukimbilia data ya RNA, yaani ujumbe unaonakiliwa kutoka jeni inapofanya kazi. Mimi nakushauri uanze na damu. Unatafuta tofauti za DNA ambazo mgonjwa alizaliwa nazo, ili uone kama zinabadilisha kiasi cha RNA ya jeni kwenye uvimbe; basi zisome kwenye damu yake au kwenye tishu isiyo na saratani. Uvimbe hupoteza vipande vizima vya kromosomu. Mtu aliyerithi herufi ya DNA T kwa mzazi mmoja na G kwa mwingine anaweza kuonekana, ukisoma uvimbe, ana G peke yake.

Halafu hesabu nakala za jeni ndani ya uvimbe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jeni iliyojirudufu hadi nakala sita mara nyingi hutoa RNA nyingi kuliko yenye nakala mbili, hata kama tofauti ya kurithi haifanyi lolote. Iingize idadi ya nakala kwenye modeli yako ya takwimu, pamoja na metilesheni (alama za kemikali juu ya DNA zinazoweza kuzima jeni) na kiasi cha seli zisizo za saratani, maana ndani ya uvimbe mna mishipa ya damu na seli za kinga pia. Njia ninayoiamini zaidi ni kulinganisha RNA ya nakala ya mama na ya baba ndani ya mgonjwa yuleyule: umri na dawa vinazigusa zote mbili. Ila hakikisha kwanza kwamba uvimbe haukuzidisha nakala ya upande mmoja.

Kisome kisa cha rs6983267 mpaka kikukae. Ni herufi moja kwenye kromosomu ya 8, iliyotajwa mwaka 2007 kuhusiana na saratani ya utumbo mpana na ya tezi dume. Iko umbali wa herufi zipatazo 335,000 kutoka MYC, jeni inayochochea seli kukua na kugawanyika. Penye G, TCF7L2, protini inayosaidia kuwasha jeni, hushika DNA vizuri zaidi kuliko penye T, na kipande hicho cha DNA hujikunja hadi kuigusa MYC. Hata hivyo, waliopima RNA ya MYC kwenye uvimbe hawakupata tofauti ya wazi kati ya wenye G na wenye T. Mwaka 2012 panya walioondolewa kipande hicho walipata uvimbe mchache wa utumbo, ingawa MYC yao ilishuka kidogo tu. Kwa hiyo jedwali lako likikosa uhusiano kati ya herufi na RNA, usiandike kwamba tofauti hiyo haina kazi. Huenda ilifanya kazi yake mapema, kabla uvimbe haujaonekana.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Data ya TCGA, mradi wa Marekani wa kuchambua jeni za saratani, yenye wagonjwa zaidi ya 11,000 na aina 33 za saratani, imejaa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika, herufi zinazorithiwa pamoja hukaa katika vipande vifupi zaidi, na hilo hurahisisha kuitenga herufi yenye kazi na jirani zake. Ukipata mradi unaokusanya damu na uvimbe wa wagonjwa wa kwetu, omba kushiriki tangu ukusanyaji, na andika saa uvimbe ulipotolewa na saa ulipogandishwa.