Kauli Mbiu za Wachina: Namba Zote Hizo za Nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa mizigo bandarini Kilindini. Kwenye lango la mkandarasi wa Kichina ninalopita kila asubuhi wametundika kitambaa chekundu chenye maandishi yao. Mwenzangu ashikilia kuwa ni siasa ya Chama cha Kikomunisti cha Uchina. Nimesoma pia habari za "Kanuni Nne" na "Uwakilishi wa Mambo Matatu". Mbona wapenda hesabu hivyo? Na maneno haya yana kazi, au ni mapambo? – M., Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Cha langoni kwanza: penye ujenzi, mara nyingi huandikwa "Usalama kwanza, kinga mbele". Muulize msimamizi, atakusomea.

Namba ni za kukaririsha. Makada, yaani watendaji wa Chama, ni mamilioni, na vikao vya kujifunza siasa haviishi. Mwaka 1951 ilianza kampeni ya "Kupinga Matatu": ufisadi, ubadhirifu na urasimu. Mwaka 1952 wafanyabiashara wakaletewa "Kupinga Matano": rushwa, kukwepa kodi, wizi wa mali ya serikali, udanganyifu kwenye kandarasi, na kuiba siri za uchumi. Sisi enzi za Nyayo tulikuwa na amani, upendo na umoja, lakini sijasikia mwenye duka la leso aliyehojiwa kwa upungufu wa upendo.

Ama kazi ya maneno haya, ni kubwa. Mao Zedong, kiongozi mkuu wa Uchina ya kikomunisti, alifariki Septemba 1976. Februari 1977 magazeti ya chama yakatoa "Mawili Yoyote": uamuzi wowote wa Mao utetewe, agizo lake lolote lifuatwe. Kwa hoja hiyo, aliyeadhibiwa na Mao abaki na adhabu yake, akiwemo Deng Xiaoping, kigogo wa Chama aliyeondolewa madarakani. Tarehe 11 Mei 1978 gazeti la Guangming Daily likachapisha makala yenye hoja moja: vitendo ndivyo kipimo pekee cha ukweli. Wewe na mimi tungeipita tukidhani ni falsafa ya darasani. Makada walielewa papo hapo kwamba sasa hata Mao aweza kupimwa. Desemba mwaka huo Kamati Kuu ya Chama ikaegemea upande wa Deng, na mageuzi ya uchumi yakaanza. Kanuni Nne ulizosoma ni za Deng pia, za Machi 1979: njia ya ujamaa, udikteta wa kidemokrasia wa umma, uongozi wa Chama, na itikadi ya Marx, Lenin na Mao. Biashara ruhusa, kukigusa Chama marufuku.

Uwakilishi wa Mambo Matatu ni wa Jiang Zemin, kiongozi wa Chama baadaye, mwaka 2000: Chama kiwakilishe nguvu za kisasa za uzalishaji, utamaduni wa kisasa, na maslahi ya walio wengi. Yasinzisha, sikatai. Lakini hizo nguvu za uzalishaji wanazo akina nani, kama si wenye viwanda pia? Tarehe 1 Julai 2001 Jiang akatamka wazi kwamba wafanyabiashara binafsi wanaofaa wapokelewe chamani. Matajiri ndani ya chama cha kikomunisti! Mwaka 2002 kauli hiyo ikaingia katika katiba ya Chama.

Tazama vilevile kama kauli imebeba jina la mtu. Mao aliandikwa kwenye katiba hiyo akiwa hai. Deng aliandikwa mwaka 1997, miezi kadhaa baada ya kufa. Jiang na mrithi wake Hu Jintao waliingiza kauli zao bila majina. Xi Jinping aliingizwa kwa jina Oktoba 2017, naye yungali kitini.