Umechaguliwa vyuo viwili? Kabla hujathibitisha, piga hesabu ya godoro

"Dada, nimepata UDSM na UDOM, kozi ile ile. Nithibitishe wapi? Dirisha linafungwa Jumamosi."

Ujumbe huo, wa kuchagua kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma, uliingia Jumatano, na jibu nililiandika mara tatu nikalifuta. Mwaka 2018 swali kama hilo nililimaliza kwa dakika tano, tena kwa kiburi.

Mimi ni wa Singida. Nilipata nafasi vyuo viwili vya umma, kimoja Dodoma, kingine Dar es Salaam (sitakitaja, hakina kosa). Baba akasema Dodoma si mbali, kilomita kama 240 tu. Nikamjibu, "Baba, Dar ndiko kwenye mambo." Mambo gani, hakuniuliza. Nikaingiza namba ya kuthibitisha nikaenda kuwatangazia wenzangu.

Fomu ya hosteli nikachelewa kuijaza. Uzembe wangu. Nikaangukia chumba cha kupanga Bonyokwa, huko huko Dar, elfu 60 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mkupuo, dalali akataka ya mwezi mmoja. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, enzi hizo lilikuwa 8,500 kwa siku, kwa siku 60 ni 510,000. Toa 360,000 ya kodi. Toa 60,000 ya dalali. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, 1,600 kwa siku, kwa siku 40 za vipindi ni 64,000. Hesabu hiyo niliipiga nyuma ya daftari la semina, nimekalia ndoo iliyofunikwa maana kiti sikuwa nacho. Kilichobaki cha kula siku 60 kilikuwa 26,000. Nikarudia, nikidhani nimekosea kutoa. Na godoro lilikuwa bado halijanunuliwa.

Nikapiga deshi, yaani kushinda bila kula, mpaka nikazoea. Nikampigia baba, pesa ikatumwa, sikuuliza imetoka wapi. Nilikuja kujua mwaka wa tatu, kwenye harusi ya binamu yangu, baba mdogo alipotania mbele ya watu kwamba "huyu msomi wetu amekula ng'ombe wawili wa kaka." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hadi leo sijamuuliza baba, wala yeye hajanitajia.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni basi. Tulikuwa tunatoka Singida alfajiri na rafiki yangu wa sekondari aliyekwenda Dodoma. Saa nne asubuhi yeye anashuka, anabeba begi lake anakwenda bwenini, lililoko humo humo chuoni. Mimi namwangalia dirishani, nina kilomita 450 mbele yangu na karanga mkononi.

Sasa, mdogo wangu, nisikilize. Ada isikuchanganye. Kwa kozi ile ile, vyuo vya umma havipishani sana. Kinachopishana ni mahali. Bodi ya Mikopo siku hizi inatoa hadi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na kiwango hakibadiliki kwa sababu umeenda jiji lenye nyumba ghali. Elfu kumi ya bwenini, unayetembea kwa miguu hadi darasani, si elfu kumi ya Bonyokwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni utalala wapi. La pili, utalala wapi. Mengine yanafuata.

UDOM ilianzishwa 2007 milimani nje ya mji, eneo lake ni kubwa mno, na mabweni yamejengwa humo humo. Upepo na vumbi utavizoea, na ikifika Juni beba sweta. UDSM iko Mlimani tangu miaka ya 60, na hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zilijengwa kwa wanafunzi 3,840. Ni nyingi, ila huko walioomba ni wengi pia. Omba siku ile ile dirisha la maombi linapofunguliwa.

Haki ya Dar nitaisema. Mafunzo kwa vitendo niliyapata kwa kutembea na bahasha ofisi kwa ofisi, na kazi niliyo nayo leo ilianzia kwenye bahasha mojawapo. Sijutii chuo. Nilimaliza, tena kwa alama ambazo mama amezitundika sebuleni. Ila usijifariji kwamba una shangazi Dar. Shangazi wa Chanika, huko pembezoni mwa jiji, si malazi, ni safari. Tena vijana wa leo mna treni ya SGR hadi Dodoma tangu 2024, sisi tulikuwa na makalio yetu na kiti cha basi. Mnalalamika nini? Mtu anachagua chuo kwa sababu picha za Nkrumah Hall, ukumbi wa UDSM, zinapendeza kwenye simu, halafu Novemba anaandika "dada nisaidie elfu ishirini." Kaeni na wazazi wenu, waulizeni pesa iliyopo ni shilingi ngapi, msikilize jibu hadi mwisho. Mimi sikuuliza.

Haya yote nilimwandikia, marefu kuliko hapa. Ijumaa usiku akajibu: amethibitisha Dar. Rafiki zake wote wanaenda huko.

Nikamuuliza kama ameshaomba hosteli. Tiki mbili za bluu, na kimya.