Muulize Kocha: Baiskeli na motokrosi wapi na wapi?

SWALI: Kocha habari za kazi. Mi naendesha motokrosi, zile mbio za pikipiki za kwenye vumbi na matuta, pikipiki ya cc 250, bado niko kwenye ridhaa. Mizunguko ya mwanzo niko fiti kabisa, wakali nawafuata, ila mbio zikifika katikati mikono inajaa inakuwa migumu kama ubao, vidole havitaki hata kukunja klachi, pumzi nayo ndo inakata na naanza kupitwa na watu ambao kwenye mazoezi nawaacha mbali. Washkaji wananiambia nitafute baiskeli, mi naona utani, kwenye baiskeli si unakaa tu unapiga pedali, miguu ndo inafanya kazi na tatizo langu ni mikono! Kuna ukweli au wananipotezea muda?

JIBU: Ukweli upo kaka, ila nusu.

Anza na moyo. Mwendeshaji wa motokrosi akivalishwa kifaa cha kupima mapigo unakuta moyo unagonga kwenye asilimia 90 hivi ya uwezo wake na kupanda, na haushuki mpaka mbio ziishe, na mbio za ubingwa wa dunia ni dakika 30 halafu mizunguko miwili juu yake, na siku hiyohiyo unarudi kukimbia ya pili. Hapo unapambana na chuma cha kilo 100 na ushee. Ukiwa huna pumzi ya kutosha, mguu ndo unasalimu amri kwanza, goti linaachia kubana pikipiki, na mwili ukikosa pa kujishikilia unaning'inia kwenye usukani bila wewe kujijua. Mikono sasa inakamata kwa nguvu zote, misuli inajaa damu na ule utando unaoifunga hautanuki, presha inapanda humo ndani, damu inazunguka kwa shida, ndo unaona vidole vimegoma. Kwa hiyo mikono yako inalia lakini kesi inaweza kuwa imeanzia miguuni.

Na hapo ndo baiskeli inaingia, maana inakupa masaa mengi ya kufanyisha kazi moyo na miguu bila kugonga magoti kama kukimbia. Wala sio stori za kijiweni, Aldon Baker wa Afrika Kusini alitokea kwenye baiskeli kabla hajawa mwalimu wa mazoezi wa waendeshaji wa Marekani, mmoja wao Ricky Carmichael ambaye mwaka 2002 alishinda mbio zote 24 za msimu wa motokrosi wa kule. Kipaji kilikuwepo tayari sikatai, ila watu walichoona ni jamaa anamaliza mbio kama ndo anaanza.

Shida ni vile watu wanavyoiendesha. Kila siku mtu anatoka anakaza wastani, hapumziki na wala hachoki sawasawa, mwezi unaisha yuko palepale. We safari zako nyingi ziwe taratibu kabisa, lisaa au mawili, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, na kama mtu kwenye baiskeli ya kubebea mizigo anakupita mwache apite jamani, usimfukuze. Halafu siku moja au mbili za wiki ndo unaua: dakika 4 za nguvu, dakika 3 za kupoa, mara nne. Ukishazoea tafuta mlima au njia isiyo na magari ukaze dakika 30 mfululizo, ujue akili inasemaje ile dakika ya 20 wakati kila kitu kinakwambia acha.

Kwenye mlima simama juu ya pedali, viwiko nje, afu chezesha vidole kwenye usukani kama unapiga kinanda. Vikikataa ujue unabana, na ndo hivyohivyo unavyobana kwenye pikipiki.

Ile nusu nyingine sasa. Baiskeli haitakupa mikono, mgongo wala shingo, hivyo vinatoka kwenye kubeba vyuma, kuning'inia kwenye bomba na kuiendesha pikipiki yenyewe. Na mifupa pia, kukaa kwenye siti hakuitikisi mifupa, ndo maana waendesha baiskeli wa barabarani wengi hupimwa wakakutwa na mifupa myepesi, na mtu wa motokrosi kuanguka ataanguka tu. Changanya na kuruka kamba, kukimbia kidogo na kubeba vyuma. Na ukishafanya yote hayo mikono bado ikajaa na kuuma vilevile, muone daktari wa michezo.

SWALI: Kocha, ninunue ya barabarani au ya milimani?

JIBU: Kama hela ni ya moja tu, ya milimani. Ya barabarani ni tamu kwa kuhesabu dakika na mapigo, lakini ya milimani inakufundisha kuchagua njia, kutazama mbali na kusimama pedali zikiwa sawa kama unavyosimama kwenye pikipiki. Weka pedali bapa, zile ambazo kiatu hakifungwi.

Ila kabla hujashuka nayo kilima angalia breki! Kwenye pikipiki mkono wa kulia ni breki ya mbele, wa kushoto klachi. Baiskeli nyingi zinatoka kiwandani breki ya mbele ikiwa kushoto, nchi kama Uingereza ndo wanaweka kulia. Sasa mtu wa motokrosi akishtuka kwenye kona mkono wa kushoto unaenda wenyewe kubana "klachi", gurudumu la mbele linaganda na yeye anapita juu ya usukani. Mwambie fundi azibadilishe, za waya ni kazi ndogo, za mafuta zitataka kutolewa hewa. Afu mwambie kila unayempa baiskeli yako, na ukipewa ya mwingine uliza kwanza breki zake zikoje.

SWALI: Shikamoo Kocha. Nimevunjika kifundo cha mkono, niko na plasta, ndo kwanza msimu uko katikati. Naweza kuendesha baiskeli nisipoteze stamina?

JIBU: Marahaba, pole sana mwanangu. Ya nje hapana, ukianguka juu ya mfupa unaounga unaanza upya. Muulize daktari wako kuhusu baiskeli ya mazoezi ya ndani, ile isiyotembea, na akikuruhusu kaa wima, mkono wenye plasta uuache kifuani usiuegemee kabisa. Siti ipande mpaka kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini mguu unanyooka, chini ya hapo utaniandikia tena kuhusu magoti. Weka feni mbele yako, ndani hakuna upepo na plasta ikilowa jasho inawasha balaa. Wiki za mwanzo nenda polepole tu, mfupa nao unahitaji nguvu za kuungia, na kula vizuri, huu sio wakati wa kupunguza uzito.